Ruzuku yenye masharti kwa kaya maskini: ni fedha au ni sharti linaloleta afya?

Mjumbe wa Kamati ameuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Ninahudumu katika kamati ya jamii inayosaidia kusimamia ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Utaratibu wetu ni kwamba kaya yenye mtoto aliye chini ya miaka mitano hulipwa kiasi chote endapo mtoto amehudhuria kliniki kama ilivyopangwa, na akikosa, kaya hukatwa sehemu ya malipo yanayofuata. Mimi ndiye ninayekusanya fomu za mahudhurio na kuziwekea sahihi.

Mwezi uliopita walinijia akina mama wawili majirani. Wa kwanza alileta kadi ya kliniki yenye alama katika kila mwezi, hakukosa hata mara moja, lakini nilipoitazama vizuri niliona kwamba mstari wa uzito wa mwanawe ulikuwa umelala kwa miezi minne mfululizo. Kwa mujibu wa fomu yangu, kaya hiyo imetimiza masharti yote. Wa pili alikosa kliniki mara mbili kwa sababu alikuwa akimuuguza mama yake mzazi; mtoto wake anaonekana mwenye afya njema, naye akakatwa fedha. Nilisaini fomu zote mbili kama nilivyoagizwa, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi: je, upo ushahidi kwamba ruzuku za namna hii hubadilisha afya yenyewe, yaani watoto waishi, wakue na wasiugue, au zinaongeza mahudhurio tu? Na je, sharti lina kazi gani ambayo fedha peke yake isingeifanya?

Mchambuzi wa Takwimu amejibu:

Ndugu Mjumbe, umeuliza maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Nitajibu la kwanza, kwa kuwa ndilo lililofanyiwa utafiti kwa muda mrefu zaidi. Ruzuku hizi zimeokoa maisha ya watoto, na hilo nalisema bila kusita.

Mwaka 1997 serikali ya Meksiko ilianzisha mpango wa Progresa, ambao baadaye uliitwa Oportunidades na kisha Prospera. Katika tathmini yake, jamii 506 za vijijini ziligawanywa kwa kura: 320 zikaanza kupokea mapema na 186 zikasubiri. Kura hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kulinganisha kaya zinazofanana kwa hali zote isipokuwa ruzuku. Paul Gertler alikuta kwamba upungufu wa damu kwa watoto waliopokea ulikuwa chini kwa takriban asilimia 25, na kwamba walikuwa wamerefuka kwa takriban sentimita moja zaidi ya wenzao. Baadaye Tania Barham alichunguza vifo na kuona kwamba vifo vya watoto wachanga (walio chini ya mwaka mmoja) vijijini vilipungua kwa asilimia 17 miongoni mwa waliofikiwa na mpango, ila vifo vya siku 28 za kwanza havikupungua. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mtoto anayefariki katika wiki ya kwanza mara nyingi huwa amezaliwa kabla ya wakati, amekosa hewa wakati wa kuzaliwa au amepata maambukizi mapema, na hayo yanahitaji mkunga hodari na vifaa. Mtoto anayefariki akiwa na miezi saba mara nyingi huuawa na kuhara, nimonia na utapiamlo, na hapo ndipo fedha ya chakula, maji salama na nauli ya kuwahi matibabu inapofanya kazi.

Kwa upande wa Brazili, Davide Rasella na wenzake walichunguza manispaa 2,853 kati ya mwaka 2004 na 2009, kipindi ambacho mpango wa Bolsa Família ulikuwa ukipanuka. Mahali ambapo mpango ulienea kwa kiwango cha juu na kudumu hivyo, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 17. Vile vinavyotokana na utapiamlo vilikuwa pungufu kwa asilimia 65, na vinavyotokana na kuhara kwa asilimia 53. Vilivyopungua zaidi ni vile vinavyotokana na umaskini wenyewe, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba hatusomi bahati nasibu ya takwimu. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2023, uliojumuisha nchi 37 za kipato cha chini na cha kati, ulihusisha mipango ya ruzuku ya fedha na upungufu wa vifo wa asilimia 8 kwa watoto wa chini ya miaka mitano na asilimia 20 kwa wanawake, na matokeo yalikuwa bora zaidi palipokuwa na kiasi kikubwa cha fedha na idadi kubwa ya watu waliofikiwa.

Nina angalizo moja. Progresa haikutoa fedha tu. Ilitoa pia chakula cha lishe kwa watoto wadogo na mafunzo ya afya kwa akina mama. Brazili nayo ilikuwa ikisambaza timu za afya ya familia wakati huohuo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba matokeo hayo yanathibitisha nguvu ya sharti, mwombe akuonyeshe amelitenganishaje na hayo mengine.

Muuguzi wa Mama na Mtoto amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu Mchambuzi. Mimi nitazungumzia ile kadi yenye mstari uliolala, kwa kuwa kadi za namna hiyo napita nazo mikononi kila siku ya kliniki.

Mtoto huvuliwa nguo, huvishwa kaptula ya kupimia, hutundikwa kwenye mizani, namba husomwa kwa sauti, nukta huwekwa kwenye kadi, na mama hupisha anayefuata. Foleni ikiwa ndefu, kazi hiyo yote huisha kwa dakika mbili. Nukta ile si tiba. Thamani yake iko katika kile kinachofuata pale inapokataa kupanda: kumuuliza mama kuhusu kunyonyesha, hamu ya kula, kuhara na kikohozi, kubonyeza miguu ya mtoto kuangalia uvimbe, na kufunga utepe wa rangi kwenye mkono wake wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, naye apelekwe kwenye matibabu siku hiyohiyo. Kati ya hapo na chini ya 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Ikiwa kituo hakina utepe, au muuguzi ni mmoja kwa akina mama mia moja, basi mpango umelipia nukta tu, na mama amepoteza siku yake ya kazi kwa ajili ya nukta hiyo.

Jambo hili limeonekana hata kwenye mipango mikubwa. Mwaka 2005 India ilianzisha Janani Suraksha Yojana, ambao huwalipa akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya. Idadi ya wanaojifungulia vituoni ilipanda sana. Hata hivyo, watafiti waliotafuta kupungua kwa vifo vya watoto wachanga hawakukuta ushahidi ulio wazi kama walivyotarajia, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba vituo vingi havikuwa na watu wala vifaa vya kumsaidia mama anayetoka damu au mtoto asiyepumua. Fedha ilimfikisha mama mlangoni, lakini ndani hakukuwa na msaada wa kutosha.

Kuna pia kisa cha Brazili ambacho kila msimamizi wa fomu angepaswa kukijua. Kabla ya Bolsa Família kulikuwa na mpango wa Bolsa Alimentação. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 ilionyesha kwamba watoto wa kaya zilizopokea waliongezeka uzito polepole kidogo kuliko wale ambao hawakupokea. Maelezo ambayo watafiti waliyaona kuwa na uzito ni kwamba baadhi ya akina mama walidhani ruzuku hutolewa kwa sababu mtoto amedhoofu, na kwamba akinenepa wataondolewa kwenye orodha. Hebu fikiria hofu aliyokaa nayo mama huyo kila alipoipeleka kadi! Hakuna aliyemweleza sharti linahusu nini.

Mfuatiliaji wa Sera amejibu:

Naomba niingie kwenye swali la pili, na nitaanza kwa kulitetea sharti, kwa sababu lina utetezi wake. Nimewahi kuzungumza na akina mama waliosema kwamba sharti huwapa hoja nyumbani: mume asiyetaka kutoa ruhusa au nauli ya kwenda kliniki hukubali anapoambiwa kwamba bila hivyo fedha haitakuja. Pia walipakodi hukubali kwa urahisi zaidi kuchangia mpango wanaoona kwamba mpokeaji naye ana wajibu.

Lakini majaribio yaliyolipima sharti lenyewe hayakutoa jibu moja. Katika wilaya ya Zomba nchini Malawi, wasichana walipewa fedha, wengine kwa sharti la kuhudhuria shule na wengine bila sharti lolote. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa shuleni tangu mwanzo, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliopokea na asilimia 3.0 kwa wasiopokea, na hakukuwa na tofauti ya kuaminika kati ya wenye sharti na wasio nalo. Kwa upande wa mahudhurio ya shule, sharti lilisaidia zaidi. Kwa upande wa mimba na ndoa za utotoni, fedha isiyo na sharti ndiyo iliyofanya vizuri zaidi, kwa sababu iliendelea kumlinda msichana aliyekwisha kuacha shule, ambaye sharti lilikuwa limemtupa nje. Nchini Afrika Kusini, jaribio lililohusisha wasichana 2,537 na sharti la kuhudhuria asilimia 80 ya siku za shule halikupunguza maambukizi ya VVU. Karibu wasichana wote, hata wasiolipwa, walikuwa tayari wanahudhuria. Sharti haliwezi kuongeza kitu ambacho watu wanakifanya tayari.

Kuhusu mahudhurio ya kliniki, tuwe waangalifu hata kuyatumia kama kipimo. Katika majaribio ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) nchini Tanzania, yaliyoanza kulipa mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, safari za kwenda kliniki ziliongezeka mwanzoni kisha zikapungua, ilhali watoto wadogo waliugua kwa siku chache zaidi. Mtu anayehesabu safari tu angesema mpango ulikuwa umefifia.

Na tusiwasahau walio nje ya orodha. Nchini Ufilipino, katika vijiji ambako kaya nyingi zilipokea ruzuku, bei ya vyakula kama mayai na samaki wabichi ilipanda, na udumavu ukaongezeka kwa watoto wa kaya zisizopokea.

Ndugu Mjumbe, kuhusu yule mama wa pili, tazama jinsi Bolsa Família ilivyopanga adhabu zake: kaya inayokosa sharti kwa mara ya kwanza hupewa onyo bila kukatwa kitu, na adhabu hupanda hatua kwa hatua, huku maofisa wa ustawi wa jamii wakitakiwa kuifuatilia. Kukosa kliniki huchukuliwa kama dalili kwamba nyumbani kuna jambo. Kwa huyo jirani, jambo lilikuwepo, tena zito: anayeuguza mzazi huku akilea mtoto mdogo ndiye anayeihitaji fedha zaidi, naye ndiye aliyekatwa.

Mjumbe wa Kamati amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Baada ya kusoma maelezo ya dada Muuguzi nilimrudia yule mama wa kwanza, tukaenda pamoja kituoni, nikaomba utepe. Ulisoma sentimita 12.1. Mtoto alikuwa akiharisha kwa vipindi tangu alipoanza kula vyakula vya kawaida, na kwa miezi yote minne hakuna aliyemuuliza mama kuhusu hilo. Kuhusu jirani yake, nimeiandikia kamati kuomba arejeshewe fedha iliyokatwa, na nimependekeza kwamba fomu iongezewe nafasi mbili: moja ya sababu ya kukosa, itakayojazwa baada ya kaya kutembelewa, na nyingine ya kuonyesha kama uzito umepanda. Dada Muuguzi, je, mtoto mwenye kipimo hicho arudi baada ya muda gani?

Muuguzi wa Mama na Mtoto amejibu:

Arudi baada ya wiki mbili, si mwezi. Wakati huo aendelee na lishe ya nyongeza kama kituo kinayo, atibiwe kuhara kwa maji ya chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki, na mama aendelee kumnyonyesha. Kama kabla ya hapo ataanza kukataa kula, kutapika kila kitu, kuvimba miguu au kulegea, asisubiri tarehe. Na tafadhali mwambie mama huyo, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, kwamba mtoto akinenepa ruzuku haitaondolewa.