Mrejesho: zebaki kwenye manyoya ya shakwe wa Svalbard

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliuliza kwa nini manyoya ya shakwe wangu wa Svalbard (visiwa vya Norwe huko Aktiki) yana zebaki nyingi, ilhali damu ya ndege haohao haina cha kutisha. Nilishaanza kuilaumu mashine.

Aliyesema "angalia unyoya uliota lini" alipiga palepale. Damu inasimulia mlo wa wiki chache zilizopita. Unyoya unabeba zebaki iliyokuwa mwilini wakati unaota, basi. Kumbe nilikuwa nalinganisha misimu miwili tofauti, tena pengine bahari mbili! Msimamizi wangu alicheka tu.

Nikapima na isotopu za nitrojeni (aina za nitrojeni zinazotofautiana uzito), kujua nani anakula ngazi ipi ya mnyororo wa chakula. Isotopu ile nzito hupanda takriban sehemu 3 hadi 4 kwa elfu kila ngazi ya mlo, na shakwe wala mayai na vifaranga vya wenzao wamekaa juu kabisa, juu sana kuliko bata-bahari wanaojilia kome.

PCB (kemikali za sumu za viwandani) bado sijazigusa, sampuli zipo kwenye friza. Koti nalo linanuka samaki hadi leo: kinda mmoja alinitapikia mkononi. Nimeshalifua mara tatu.