Wakuu, nataka kutengeneza meza ya poka mwenyewe, naombeni ushauri

Turufu
Habari za jioni wakuu. Kila Jumamosi tunacheza poka nyumbani kwangu Tabata, watu saba, siku nyingine wanane. Kwa sasa tunatandika shuka juu ya meza ya chakula, urefu sentimita 120, upana 80. Shuka linajikunja, chipu za kuchezea zinaanguka, na wawili kati yetu hawana pa kuweka viwiko, karata wanazishikia mapajani.

Nimeona picha za meza zenye pembe nane nikazipenda. Wazo langu: ninunue plaiwudi moja ya futi nane kwa nne, nikate pembe nane ya futi nne, nibandike sponji ya godoro na kitambaa cha kijani, halafu niwe naipandisha juu ya meza hiyohiyo siku ya mchezo. Mama watoto ameshasema meza ya chakula haitoki na nyingine haiingii. Nina jigsoo, drili na msasa. Je, itakaa vizuri? Unene gani wa plaiwudi? Na kitambaa gani?

Shupaza
Mkuu, nenda Keko uwape mafundi hizo picha. Unajitesa bure.

Turufu
Keko napajua mkuu. Nataka niitengeneze kwa mkono wangu, hiyo ndiyo raha ninayoitafuta.

Patasi
Turufu, wazo la kuweka kifuniko juu ya meza iliyopo ni zuri kuliko meza nzima. Miguu ndiyo inayowashinda wengi, na wewe miguu unayo tayari. Ila hiyo pembe nane ya futi nne iache, na nitakwambia kwa nini kabla hujaharibu mbao.

Pembe nane sawasawa kwenye kipande cha 122 kwa 122 inapatikana kwa kupima sentimita 35.7 kutoka kila kona na kukata hapo. Kila upande unabaki na sentimita 50.5. Mtu mzima mwenye chipu zake mbele anataka kama 60. Mkiwa wanane mtabanana mabega, na wakati wa kugawa kila mtu anaona karata za jirani.

La pili, meza yako ni ya mstatili. Ukiweka pembe nane ya 122 juu ya meza ya 120 kwa 80, kona nne za meza zitachungulia nje kwa karibu sentimita 10, sawasawa na mbavu za waliokaa kwenye pande zilizokatwa. Chora kwenye karatasi utaona.

Fanya hivi. Kwenye plaiwudi yako kata kipande cha sentimita 180 kwa 122. Kila kona pima 30 kwa 30, kata. Bado ni pembe nane, ila imerefuka. Mzunguko wake ni mita 5.3 na ushee, wanane wanapata sentimita 66 kila mmoja. Kona za meza zinafichika zote, na kifuniko kinatokeza 30 kwenye ncha na 21 ubavuni. Usizidishe hapo. Kuna wanaotaka kutumia futi nane zote kwenye meza ndogo kama yako; mtu akiinuka kwa kuegemea ncha, upande wa pili unanyanyuka na chipu zote.

Kipande kinachobaki, 64 kwa 122, kipasue vibanzi sita vya sentimita 10. Hivyo ndivyo ukingo wako, ile fremu ya kuzunguka meza kwa juu pa kuweka viwiko, wala hununui mbao nyingine. Kwenye maungio kila ncha kata nyuzi 22.5. Hapo usiamini macho, tengeneza kipimo cha kadibodi kwanza.

Unene, milimita 18. Ya 12 ni nyepesi, lakini ikitokeza sentimita 30 bila nguzo itanesa kila mtu akigonga. MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, usiiguse: ni nzito zaidi, na bia ikimwagika mahali palipokatwa inavimba hairudi. Pia piga vanishi pande zote mbili, hata chini kusikoonekana. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu wa Dar utaipinda.

Chini gongomelea vibao vinne vikumbatie ubavu wa meza ili kifuniko kisitembee. Vibandike kitambaa laini, usije ukaikwaruza meza ya shemeji yetu halafu uzi unaofuata ukawa wa ndoa.

Kete Nyeusi
Weka matundu ya glasi na taa za kamba za rangi chini ya ukingo mkuu, itapendeza kama kasino.

Patasi
Ukingo wa sentimita 10 ukiutoboa tundu la glasi kinabaki nini? Vistuli viwili pembeni vinatosha kwa vinywaji. Hela ya taa anunue kitambaa kizuri.

Binti Kopa
Kaka Turufu, mimi nashona makava ya sofa, acha niseme kuhusu kitambaa na sponji maana hapo ndipo watu wanapotupa hela.

Sponji ya godoro hapana. Ikiwa nene na laini, kila mtu akiegemea mkono chipu za jirani zinainama. Wewe unataka kitu chembamba kilichoshikamana, milimita tano au sita, kama mkeka wa mazoezi au ile sponji wanayotandika chini ya sakafu za mbao. Inatosha kucha kuingia chini ya karata. Sponji nene weka kwenye ukingo tu, inchi moja, uvalishe ngozi bandia kama ya viti vya daladala. Jasho na mafuta ya karanga unafuta kwa kitambaa kibichi.

Kitambaa cha juu: velveti ina manyoya, karata inakwama katikati ya safari. Kile cha meza za pool kinateleza vizuri ila kina sufu, kinywaji kikimwagika kinanywa chote. Tafuta polista nzito ya sofa isiyo na manyoya, isiyovutika. Ukienda Kariakoo beba karata moja mfukoni. Tandaza kitambaa juu ya kaunta, itupe kwa kidole. Muuzaji atakushangaa, mwache. Nunua mita mbili na nusu, na uhakikishe upana unafika sentimita 140, kwa sababu unahitaji ya kukunja chini pande zote.

MzeeKobe
Vijana, mbao sawa, lakini mnacheza kwa hela? Marafiki kuchangia nyama choma ni jambo moja. Mwenye nyumba akianza kukata asilimia ya kila mzunguko, anaendesha biashara ya michezo ya kubahatisha, na hiyo inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003.

Turufu
Shikamoo mzee. Hakuna hela, anayeshindwa anaosha vyombo.

Patasi, nashukuru sana, nimechora na kweli kona zinatokeza. Swali: kifuniko nikikate katikati nitie bawaba kiwe kinakunjwa? Na ukingo naufungaje?

Patasi
Kikiwa kizima, pamoja na ukingo kinakaribia kilo 28, watu wawili wanabeba. Mlangoni kinapita kwa ubavu, kina sentimita 122 tu kikisimama, na nyuma ya kabati kinakaa. Ukikikata, mshono utaonekana chini ya kitambaa na karata zitajikwaa hapo kila mzunguko. Kama una nafasi nyuma ya kabati, usikate.

Ukingo usiugundishe. Funga kwa skrubu kutoka chini, ili siku kitambaa kikichakaa uufungue. Mbao mbili za 18 zinafanya 36, kwa hiyo skrubu ya milimita 30. Ya 40 itawachoma watu viwiko.

Binti Kopa
Na kabla ya kutoboa, kitambaa kikishabanwa, chana kwa wembe kila mahali skrubu itakapopita. Drili ikikuta kitambaa kizima inasokota uzi na kuuvuta hadi katikati ya meza, na mstari huo hautoki. Kubana anza katikati ya kila upande, kisha upande unaoutazama, kona ziwe za mwisho.

Shupaza
Turufu, Jumamosi nafasi ya tisa ipo?