Uga wastani unasema ugonjwa utadumu, uigaji unasema utazimika: nifuate upi?

Mwanafunzi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaikum. Ninaunda kielelezo cha mafua yasiyoacha kinga, yanavyoenea katika nyumba 200 za kubuni nilizozipanga kwa mfano wa mitaa yetu, ambamo watu hukutana zaidi na majirani wa vichochoro vilevile. Kila nyumba ni nodi, yaani kituo cha mtandao, yenye viungo 4 vya kuiunganisha na majirani 4; nyumba yenye ugonjwa hupona kwa kasi ya 1, na huambukiza kila jirani mzima kwa kasi ya 0.3. Hali zote zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 200, idadi yenye tarakimu 61, hivyo mlinganyo kamili hautatuliki. Njia ya uga wastani, inayochukulia majirani wa kila nyumba kuwa wastani wa mji mzima, inanipa takriban asilimia 17 ya nyumba zikibaki na ugonjwa, ilhali nikiiga kwa utaratibu wa Gillespie wa mwaka 1977, unaochagua kwa bahati nasibu tukio lifuatalo na wakati wake, ugonjwa huzimika mapema. Tofauti hii inatoka wapi? Na je, haiwezekani kutumia mgawanyo wa Boltzmann, unaoipa kila hali uzito kulingana na nishati yake, kama tunavyofanya kwa gesi iliyo katika msawazo?

Maalim wa hisabati, Malindi

Waalaikum salaam. Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa halina mjadala mrefu. Mgawanyo wa Boltzmann hufaa pale ambapo kila badiliko husawazishwa na badiliko la kinyume chake. Katika kielelezo chako, nyumba zote zikishapona hakuna njia ya kurudi kwenye ugonjwa. Mlango huo hufunguka upande mmoja tu, na hakuna nishati unayoweza kuiandika ikakupa uzito wa kila hali.

Sasa tofauti yenyewe. Ili ujue idadi ya nyumba zenye ugonjwa itabadilikaje, unahitaji kujua idadi ya jozi za mgonjwa na jirani mzima. Ili ujue jozi, unahitaji utatu, yaani nyumba tatu zilizounganika. Na mlolongo huo haukomi mpaka uukate mahali fulani. Uga wastani huukata mapema mno, kwa kudhani kwamba hali ya nyumba haitegemei hali ya jirani yake. Lakini nyumba iliyougua leo imeambukizwa na mmoja wa majirani wale wale 4, na huyo huenda bado ni mgonjwa, kwa hiyo kiungo hicho hakina wa kumwambukiza. Ukikata kwenye jozi, yaani ukichukua uwezekano wa utatu kuwa zao la jozi mbili zinazopakana likigawanywa kwa uwezekano wa nodi ya kati, kizingiti, yaani kasi ya maambukizi ambayo juu yake ugonjwa hudumu, hupanda kutoka 1/4 hadi 1/3. Kasi yako ya 0.3 iko baina ya hivyo viwili, na ndiyo sababu majibu yanagongana.

Hata hivyo, usiziamini jozi kupita kiasi. Kwenye mnyororo mrefu ambao kila nodi ina majirani 2, uga wastani hutoa kizingiti cha 0.5, jozi hutoa 1, na thamani halisi ni takriban 1.649.

Mkaazi wa Shela

Ningependa kuongeza kwamba nyumba zote kuwa na viungo 4 ni dhana ya ukarimu mno. Weka duka moja la karibu na gati, linalopitiwa na kila mtu, na hesabu itabadilika. Pastor-Satorras na Vespignani walionyesha mwaka 2001 kwamba, nodi zikipangwa kwa idadi ya viungo, kizingiti huwa wastani wa viungo ukigawanywa kwa wastani wa mraba wake, kwa hiyo vitovu vichache, yaani nodi zenye viungo vingi mno, vyaweza kukishusha sana. Njia nyingine huhifadhi ramani yote ya viungo na kutoa kizingiti kuwa 1 kugawanywa kwa thamani-eigeni (kipimo cha nguvu ya ukuzaji) kubwa kuliko zote za matriksi yake, yaani jedwali la nani ameungana na nani. Kitovu chenye majirani 100 wasio na kiungo kingine hutoa 1/10. Hapo ugonjwa waweza kujikusanya pembeni mwa kitovu bila kuenea mji mzima, jambo ambalo kizingiti pekee hakikuambii.

Mwanafunzi wa Langoni, Lamu

Nashukuru sana, maalim na ndugu wa Shela. Je, njia ya kupitishiana ujumbe, isiyoruhusu maambukizi kumrudia aliyeyatoa, haiondoi tatizo la jozi?

Maalim wa hisabati, Malindi

Kwa ugonjwa unaoacha kinga ya kudumu, naam: Karrer na Newman walionyesha mwaka 2010 kwamba njia hiyo ni sahihi kabisa kwenye mitandao isiyo na vizingo, yaani njia za viungo zinazorudi zilikoanzia. Kwa mafua yako sivyo, kwani duka humwambukiza mteja, likapona, kisha mteja akaliambukiza tena. Ukikataza marudio hayo, umekataza jambo lenyewe linaloudumisha ugonjwa kwenye kitovu. Ningeanza na jozi, nikailinganisha na uigaji ambao, kila ugonjwa unapozimika, huurudisha mfumo kwenye mojawapo ya hali ulizopitia awali, kama walivyopendekeza de Oliveira na Dickman mwaka 2005. Bila hivyo, mtandao wa nodi 200 utazimika siku moja hata ukiwa juu ya kizingiti.