"Mbona kwangu inafanya kazi?" Nimechoka! Bando limeisha, na hesabu zimepishana kwa bilioni 4

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie, ila uzi huu siufuti.

Nilipewa kazi ya kumalizia mradi wa uchambuzi wa mauzo. Kijana aliyeuanza (simtaji, na kampuni siitaji) anatumia Windows. Mimi natumia Ubuntu, yaani Linux. Mwenzetu wa tatu, dada anayechora grafu, ana Mac ya chipu ya M1. Watu watatu, mifumo mitatu. Hapo tu mtu angeuliza: jamani, vifurushi vya Python (zile maktaba za msimbo ambazo mradi unazitegemea) tutavilinganishaje? Hakuna aliyeuliza. Nikatumiwa faili la zip kwa WhatsApp, ndani kuna environment.yml, faili la orodha ya vifurushi, na meseji fupi: "Endesha hiyo tu mkuu."

Nikaendesha. Conda, programu inayosoma orodha hiyo na kushusha vifurushi, ikasaga, ikasaga, halafu ikanimwagia orodha ya vifurushi isivyovipata: vs2015_runtime, wincertstore, pywinpty, na ukoo mzima wa m2w64. Wenye kujua mmeshacheka. Hivyo ni vitu vya Windows. Kwa Linux havipo, na havitapatikana hata ukeshe kwenye maombi.

Nikampigia simu. "Mbona kwangu inafanya kazi, mkuu?"

Kwako! Kwani mimi naishi ndani ya laptopu yako?

Kwa ambao hawajakutana na balaa hili: ukiandika `conda env export` ukaishia hapo, hupati orodha ya mahitaji ya mradi. Unapata picha ya laptopu yako ilivyokuwa siku hiyo. Kila kifurushi kimo, hata vile ambavyo hukuviomba na vilikuja vimefuatana na wenzao. Mbele ya jina kuna namba ya toleo, na mbele ya namba kuna kialama kinachosema kifurushi kilitengenezwa vipi na kwa Python ipi. Mstari wa mwisho kabisa ni `prefix:`, unaonyesha folda lako mwenyewe. La jamaa huyu lilianza na `C:\Users\` likafuatiwa na jina la utani ambalo sidhani kama angependa bosi wake alione.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema "weka `--no-builds` mkuu". Nimeweka. Vialama vinatoka, vs2015_runtime inabaki palepale inanitazama. "Basi weka `--from-history`." Hiyo inabakiza ulivyoviomba kwa mkono wako tu, sawa, lakini kama uliomba pandas (kifurushi cha majedwali ya data) bila namba, inaandika pandas bila namba, na ulivyoviingiza kwa pip, kisakinishi kingine cha Python, inaviacha nje vyote. Yaani ni sawa na kumtuma mtoto sokoni na karatasi iliyoandikwa "mboga". Na ninyi mnaotoa orodha kwa `pip freeze` msicheke, maana yenu ikitoka Windows mara nyingi inakuja na pywin32 ndani, tunabaki kuifuta kwa mkono.

Nikakaa usiku nafuta mstari mmoja mmoja. Kila nikilegeza namba moja, conda inakuja na hesabu nyingine na kutaka kushusha toleo jingine. Kifurushi cha mkl peke yake kinapita MB 100. Bando langu la wiki lilikata siku ya pili. Nikajiunga tena kwa hela ya nauli. Mtu anayekaa ofisini kwenye Wi-Fi ya bure hawezi kuelewa uchungu wa kuangalia asilimia zinapanda huku MB zinashuka.

Dada wa Mac ndiye aliyeteseka zaidi yangu. Mradi umefungwa kwenye Python 3.7, toleo ambalo watengenezaji wa Python waliacha kulihudumia Juni 2023. Mac za M1 zilitoka Novemba 2020, na vifurushi vya conda kwa chipu ile vinaanzia Python 3.8. Kwa hiyo kwake 3.7 haipo kabisa. Ikabidi aidanganye conda kwamba yuko kwenye Mac ya Intel, kila kitu kipite kwa Rosetta, kile kitafsiri cha Apple cha programu za Intel. Imefanya kazi, mwendo wa kobe.

Sasa njooni kwenye kilichonileta hapa.

Baada ya siku tatu nikapata mazingira yanayowaka. Python 3.7, NumPy (kifurushi cha hesabu) 1.21.6, namba ileile aliyonayo jamaa. Nikaendesha skripti ya jumla ya mauzo ya mwaka. Kwangu: 5,870,400,000. Kwake: 1,575,432,704. Data moja, skripti moja, NumPy moja.

Mkuu wa kazi akasema ya kijana ndiyo "imezoeleka", kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti iliyotangulia. Akaniuliza mbele ya watu, kwenye kikao cha simu, kama kuna mauzo nimeyaongeza. Mimi! Nipike data ya duka la mtu ili iweje?

Nikatoa kalkuleta ya simu, nikachukua yangu nikatoa yake. Jibu: 4,294,967,296. Nikaitazama ile namba nikakaa chini. Ni mbili kipeo cha 32. Hakuna muuza duka duniani anayepoteza kiasi hicho hasa, kamili, bila shilingi kuzidi wala kupungua.

Jamaa alikuwa anamwaga orodha ya mauzo kwenye `np.array` halafu anapiga `.sum()`. NumPy za kabla ya 2.0, iliyotoka Juni 2024, zikiwa kwenye Windows zinachukua namba nzima za biti 32 usipozielekeza, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kwenye Linux na Mac za biti 64, toleo hilohilo linachukua biti 64. Mwisho wa biti 32 ni 2,147,483,647. Ukipita hapo hakuna kelele, hakuna onyo, inajizungusha kama odometa ya daladala kuukuu na kuendelea na safari. Ingetoka namba hasi tungeshtuka. Imetoka bilioni moja na nusu, namba yenye adabu zake, mtu anaiweka kwenye ripoti na kuifunga kwa rangi ya bluu.

Kwa shilingi zetu hizi bilioni mbili si hela ya ajabu kwa duka la jumla. Anayehesabu kwa dola anaweza kumaliza miaka bila kukutana na mpaka huo.

(Mwaka jana balaa la namna hii lilikuwa kwenye neno Ng’ombe. Faili lina kile kikoma kilichopinda, mtu wa Windows akalifungua kwa `open()` bila kutaja UTF-8, yaani mfumo wa herufi ulioandikia faili, likasomeka Ngâ€™ombe, jina halikulingana, ripoti ya mifugo ikatoka na ng'ombe sifuri. Kata nzima ya wafugaji, ng'ombe sifuri!)

Kwa hiyo mkinikuta nadai mazingira yapimwe kwenye mifumo yote, msiniite mjuaji. Namba ya toleo kulingana siyo mwisho wa habari.

Na dawa ipo, ndiyo inayoniuma zaidi. conda-lock unaipa orodha fupi ya unavyovihitaji, unaitajia mifumo (linux-64, win-64, osx-64 ya Mac za Intel, osx-arm64 ya Mac za M1), inakupigia hesabu ya kila mfumo ukiwa umekaa palepale kwenye laptopu yako moja. Pixi, mbadala wa conda, inafanya hivyo bila hata kuombwa mara mbili: unataja mifumo, inaandika pixi.lock, faili la matoleo kamili ya kila mfumo. Wa pip wana uv, faili lake la uv.lock linabeba mifumo yote pamoja. Mradi wetu ungekuwa na faili la namna hiyo, ile Python 3.7 ingemgomea kijana siku ya kwanza pale tu angeandika osx-arm64, kabla dada wa watu hajapoteza siku zake.

"Tumia Docker," yaani kuufunga mradi na mazingira yake yote ndani ya picha moja. Mkuu, laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Jamaa yeye kwa Windows kwa kawaida atahitaji WSL2 (Linux ndani ya Windows) juu yake, na nani atalipia bando la kushusha hizo picha? Kwenye seva sawa. Hapa kwetu watatu, hapana.

Nilimwandikia jana, kwa heshima kabisa, atumie pixi au angalau aandike orodha fupi kwa mkono, na pale kwenye `np.array` aongeze `dtype=np.int64`, yaani namba za biti 64. Akajibu kwa kidole gumba.

Nikiwa naandika hapa, faili jipya limeingia WhatsApp: mradi_FINAL_mwisho_kabisa.zip, MB 84. Nimelifungua. environment.yml ipo, mistari mia na ushee. Nimeshuka moja kwa moja mpaka chini.

`prefix: C:\Users\`, na jina lake lilelile.