Re: Binti anataka utafiti wa tiba, aanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Binti yetu anamaliza shahada ya kwanza ya baiolojia hapa Marekani, wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Baba yake anataka asomee udaktari, mwenyewe anasema moyo wake uko maabara na anataka uzamivu. Alama zake nzuri, ila hajawahi kufanya utafiti nje ya darasa. Na ada tutaitoa wapi?
Mama Mkubwa

---

Marahaba Mama Mkubwa, na hongera kwa malezi.

Nianze na ada, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Uzamivu wa sayansi za tiba hapa Marekani kwa kawaida haulipiwi na mzazi. Programu hulipa ada, kisha humpa mwanafunzi posho ya kuishi na bima ya afya. Uzamili ndio mara nyingi hutoka mfukoni, na wala si lazima aupitie: wengi huingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Mwambie baba hilo kabla ya mazungumzo mengine yoyote.

Kikwazo chake ni maabara. Wanaochagua wanafunzi wanataka kuona kwamba aliwahi kubeba swali lisilo na jibu kitabuni, jaribio likagoma, akatafuta sababu na kurudia. Ushahidi huo hukaa kwenye barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida ni tatu. Profesa aliyempa A katika darasa la watu mia mbili ataandika nini zaidi ya hiyo A? Mkuu wa maabara aliyemwona akifanya kazi mwaka mzima ana mengi ya kusimulia. Watoto wetu tumewafundisha kutowasumbua wakubwa, kwa hiyo wanapita mbele ya ofisi ya profesa miaka minne bila kubisha hodi. Huku profesa hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na asiyekwenda hajulikani. Aanze wiki hii.

Kwa hiyo nisingemharakisha kuomba uzamivu Desemba hii, mwezi ambao programu nyingi hufunga maombi. Afanye kwanza mwaka mmoja au miwili ya utafiti wa kulipwa. NIH, taasisi ya taifa ya afya, ina nafasi za namna hiyo kwa wahitimu wapya, nyingi zikiwa kwenye kampasi yake ya Bethesda, Maryland. Au aajiriwe kama msaidizi wa maabara chuoni. Kuna pia PREP, programu ya vyuo iliyofadhiliwa na NIH na iliyokuwa ikiwaandaa kwa uzamivu wahitimu kutoka jamii zisizowakilishwa vya kutosha, lakini mwaka 2025 NIH ilisitisha ufadhili wa programu kadhaa za aina hiyo. Msitegemee orodha za zamani. Aandikie chuo husika na kuuliza kama bado wanapokea watu.

Wenye watoto wa sekondari, tazameni Meyerhoff Scholars, programu ya wanafunzi wa sayansi ya chuo kikuu cha UMBC, Maryland, iliyoanzishwa 1988. Huwakusanya wanafunzi kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, huwasomesha kwa vikundi na kuwaingiza maabara mapema. Kizzmekia Corbett, aliyeshiriki kuunda chanjo ya Moderna ya Uviko, alipita hapo.
Kaka wa Maabara

---

Kaka, na sisi wageni wa viza ya wanafunzi, F-1?

---

Mdogo wangu, nafasi nyingi zinazolipiwa na ruzuku za mafunzo za serikali ni za raia na wenye grinikadi, kwa hiyo soma sharti la uraia kabla ya kujaza fomu. Uzamivu wenyewe haujafungwa kwako. Vyuo vingi hupokea wageni, na posho yako inaweza kutoka kwenye ruzuku ya utafiti ya profesa. Ukihitimu baiolojia, OPT, ruhusa ya mwenye F-1 kufanya kazi ya fani yake, inakupa miezi 12 ya kazi, na fani za sayansi huweza kuongezewa 24. Tumia muda huo maabara.

Mama Mkubwa, binti akiandika rasimu ya barua kwa maprofesa anitumie niipitie. Aya mbili zinatosha: amesoma utafiti upi wa profesa huyo, na anaweza kutoa saa ngapi kwa wiki.