Kuhusu: Attest (barua ya daktari) ya chawa kwa Kita (chekechea ya Ujerumani), na sisi tuko Mbeya

Kutoka: Mama Wawili (Köln, kwa sasa Forest, Mbeya)

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu, habari za siku. Naomba msaada wa haraka.

Tuko nyumbani kwa likizo ya kiangazi. Kabla hatujaondoka Kita walikuwa wamebandika lile tangazo mlangoni, chawa kwenye kundi la huyu wangu mdogo. Nikampaka dawa usiku, asubuhi yake tukapanda ndege. Juzi mama yangu anamsuka mkubwa barazani, mara kimya. Akamgeuza kichwa kwenye jua, akaanza kuwatoa mmoja mmoja na kuwaminya kati ya kucha za vidole gumba, tak, tak, bila kuniambia kitu. Kumbe wote wawili wanao.

Nikawaandikia Kita, maana sheria inataka mzazi atoe taarifa. Wamejibu leo: ni mara ya pili ndani ya wiki nne, kwa hiyo mtoto hapokelewi bila Attest. Tunatua Jumapili usiku na mimi kazini ni Jumatatu asubuhi.

Nimekwenda hospitali moja hapa mjini. Mapokezi wananiuliza bima gani, nikalipa keshi yaishe. Daktari kijana, mpole kabisa, akacheka: "Chawa tu mama? Si umnyoe?" Nikamwambia nataka barua kwamba ametibiwa na haambukizi. Akasema fomu alizonazo ni ED ya kupumzika kazini, rufaa, na PF3 ya polisi kwa majeruhi. PF3 jamani! Kama chawa kampiga mtu. Duka la dawa nako wameniuzia dawa ya mapunye.

Sasa, barua ya daktari wa Tanzania, yenye muhuri, kwa Kiingereza, Kita wanaikubali? Au mpaka itafsiriwe na mtafsiri wa kiapo? Na mama ameshatoa wembe, ila mkubwa anaanza darasa la kwanza Agosti, nisije nikapiga picha ya Schultüte (ule mfuko wa zawadi wa siku ya kwanza shuleni) na mtoto mwenye kipara.

---

Kutoka: Baba Nuru (Leeds, wa Makambako)

Pole sana dada. Huku Uingereza hakuna mambo hayo. NHS (huduma ya afya ya serikali) wanasema wazi mtoto mwenye chawa aende shule kama kawaida. GP, daktari wako wa kawaida, hata hakuandikii dawa, anakwambia nenda famasi ukanunue mwenyewe. Sisi tulichana tu: unalowesha nywele, unajaza kondishina, unapitisha kitana cha meno ya karibu kutoka kwenye ngozi hadi ncha, siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, halafu unakagua siku ya 17. Waambie hao Kita wasome.

---

Kutoka: Mnyalukolo wa Berlin

Kamwene wote.

Baba Nuru, wasome nini? Karatasi ya Uingereza? Huku kuna IfSG §34, sheria ya magonjwa ya kuambukiza, na chawa wametajwa humo pamoja na magonjwa mazito. Mtoto haingii Kita mpaka ionekane kitabibu kwamba haambukizi tena, na mkuu wa Kita analazimika kutoa taarifa Gesundheitsamt (ofisi ya afya). Sio ukorofi wao.

Ila dada, mara ya kwanza kwa kawaida saini ya mzazi kwamba ametibu inatosha. Kwenye mara ya pili ndipo kila jimbo na kila Kita inakuja na lake. Sisi walitaka Attest, Kinderarzt (daktari wa watoto) hana nafasi, ukipiga simu unaambulia muziki. Nikaenda kupanga foleni kabla mlango haujafunguliwa. Huyo daktari mwenyewe alimwangalia mtoto kichwani muda wa kupiga chafya, akagonga muhuri.

Jambo la pili, ulipaka dawa mara moja ukaondoka. Dawa haiui mayai yote. Yanaanguliwa baada ya wiki moja hivi, ndiyo maana RKI (taasisi ya afya ya Ujerumani) wanasema urudie siku ya 8, 9 au 10. Wewe hiyo siku ulikuwa pengine Mlima Kitonga unawaonyesha watoto nyani.

---

Kutoka: Kaka wa Tukuyu (Minnesota)

Mimi nashangaa. Watoto weusi tangu lini wanapata chawa? Huku shuleni kwa wanangu wanaorudishwa ni Wazungu watupu. Dada, angalia vizuri, huenda ni mba. Na kama ni chawa kweli, mafuta ya taa kidogo, funga kitambaa usiku mmoja, asubuhi unaosha. Tumekua hivyo, na tuko hai.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu (Mafinga, zamani Göteborg)

Kaka wa Tukuyu, na umri wako wote. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya mtoto, na nyumba zetu za huku Julai zina jiko la mkaa ndani. Unataka kichwa cha mtoto kishike moto?

Hilo la watoto weusi nalo lina nusu ya ukweli ndiyo maana halifi. Chawa wa Marekani kucha zake zimezoea unywele wa mviringo, kwenye wetu ulio bapa anateleza, kwa hiyo huko kweli ni nadra kwa watoto weusi. Nadra haina maana hakuna. Na chawa wa Afrika hana taabu hiyo. Mbona huku shuleni hatuwasikii sana? Kwa sababu shule za msingi za serikali wote wananyolewa, wa kike na wa kiume. Chawa hana pa kushika. Huyo daktari kijana hajakosea kitu, kasema anachokiona kila siku, na anachokiona ni mapunye.

Mama Wawili, usimnyoe kama hutaki. Tafuta kondishina yoyote ya bei rahisi pale Mwanjelwa, na kitana cha chuma. Mkalishe mtoto mchana kwenye mwanga, taulo jeupe mabegani, gawa nywele vifungu vidogo kama unataka kusuka twende kilioni, chana kila kifungu na ufute kitana kwenye karatasi nyeupe. Utawaona wanavyotembea. Yai lililo karibu na ngozi ndilo la kuogopa. Lililosogea mbali na ngozi kwa kawaida ni ganda tupu, unywele umekua nalo. Na mwambie mama aache kuchemsha mablanketi ya nyumba nzima. Chawa wa kichwani akitoka kichwani hafikishi siku tatu, na haruki wala hapai. Anahama kichwa kwa kichwa, watoto wakilala pamoja na baridi hii.

---

Kutoka: Kaka wa Tukuyu (Minnesota)

Sawa nesi, yaishe. Lakini vidonge vya usubi (ule ugonjwa wa kupofusha) je? Rungwe tulikuwa tunagawiwa kila mwaka, tunasimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu, unapewa kulingana na kimo. Wazee walikuwa wanasema ukimeza, hata chawa wanakufa.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu (Mafinga)

Wazee walisema kweli, vidonge hivyo ni ivermectin, na inaua chawa. Lakini kile kijiti kilikuwa na alama ya chini, sentimita 90, na mtoto asiyeifikia hakupewa. Sababu ni uzito, chini ya kilo 15 hapewi. Huyu wa Kita ana miaka mingapi? Hatuandikiani vidonge hapa.

---

Kutoka: Binti Kyela (Hamburg)

Mama Wawili, ukirudi usinunue dawa kwa hela yako. Mtoto chini ya miaka 12 Kasse (bima ya afya) inalipa, mwambie Kinderarzt akuandikie Rezept (cheti cha dawa), unachukua Apotheke (famasi). Omba yenye dimetikoni. Ni mafuta ya silikoni, yanaziba matundu ya kupumulia ya chawa, sio sumu, kwa hiyo hawaizoei kama zile za zamani. Ila nyingine zinashika moto, usikaushe kwa drayer.

Wenzangu, huyu dada kataja baraza na mimi nimelia kazini. Julai Mbeya! Ile baridi ya asubuhi ukifungua mlango pumzi inatoka kama moshi, chai ya maziwa, na bibi amejifunga kitenge juu ya sweta. Wanangu mwaka jana walishuka Dar na pasi za Kijerumani, kila mmoja dola 50 za viza, kwenda kumsalimia bibi yao mzaa mama. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu Juni 2024. Kwetu bado tunazungushwa. Wabunge wanaweza kuongea saa nzima kumsifia mtu, uraia wetu ukifika mezani, muda umekwisha. Hao chawa ndio hawana dawa.

---

Kutoka: Mnyalukolo wa Berlin

Binti Kyela, usiwatwike wabunge kila kitu. Mtoto wa Mtanzania aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa kushika vyote viwili, sheria ya 1995 iko wazi. Mwombee pasi ya Tanzania ubalozini, hizo dola 50 zibaki mfukoni. Watu mnalipa viza kwa uvivu wa kujaza fomu.

---

Kutoka: Binti Kyela (Hamburg)

Uvivu? Umeshaomba pasi ya mtoto wewe? Cheti cha kuzaliwa, tafsiri, picha, NIDA ya mzazi, nauli ya Berlin na mtoto mwenyewe awepo. Wewe unakaa vituo vichache vya U-Bahn kutoka ubalozini, usitufundishe uvivu. Na akitimiza 18 anachagua, kwa hiyo tatizo liko palepale.

---

Kutoka: Baba Nuru (Leeds)

Tukumbuke mada ni chawa. Ingawa kwenye hili namuunga mkono Binti Kyela.

---

Kutoka: Mama Wawili (Mbeya)

Asanteni, ndaga fijo. Nesi, nimefanya kama ulivyosema. Kondishina nimepata, kitana cha chuma nimekosa Mwanjelwa, nimekosa Soko Matola, mwisho kaka yangu kaniletea kile cha plastiki ambacho kinauzwa kwa ajili ya mbwa. Kinafanya kazi! Kwa mkubwa nilitoa wengi mpaka karatasi ikatisha. Mama kakaa pembeni na wembe wake kwenye sahani, anasubiri nichoke.

Yule daktari nimemrudia. Kakubali kuandika barua kwenye karatasi ya kawaida, "seen and treated", muhuri umekaa juu ya jina la mtoto, halisomeki. Mnyalukolo, hiyo Kita wataipokea kweli? Niwatumie picha kwanza au nitokee nayo tu mlangoni?

Halafu wifi yangu kaleta ndizi mbalaga na parachichi za Rungwe, anataka nibebe zote. Ndege ya kutoka Songwe kilo zenyewe za kuhesabu.

---

Kutoka: Kaka wa Tukuyu (Minnesota)

Mbalaga! Dada usiziache.

---

Kutoka: Binti Kyela (Hamburg)

Parachichi acha. Tangu Desemba 2019 matunda kuingia EU bila cheti cha afya ya mimea hayapiti, wanakunyang'anya mbele za watu. Yanayopita ni mananasi, nazi, ndizi, tende na durian basi. Ndizi ruhusa, hata mkungu kama unaweza kuubeba. Nyama na maziwa usijaribu, kwa hiyo yale maziwa mgando ya bibi yanyweni hukohuko.

---

Kutoka: Mnyalukolo wa Berlin

Binti Kyela hapo kasema sawa. Mama Wawili, unatua Jumapili Frankfurt au Düsseldorf? Nina binamu anakuja toka Iringa siku hiyohiyo, mngepishana uwanjani. Mbalaga mkono mmoja tu, nitalipia kilo. Ulanzi siombi, najua hausafiri.