Mimea ya kwanza iliota kwenye udongo gani?

Mwalimu wa Voi
Wanajukwaa, naomba msaada. Kidato cha tatu wamenibana: ikiwa udongo ni mwamba uliolika pamoja na mabaki ya mimea, basi mimea ya kwanza kabisa iliota kwenye nini? Nasikia majivu ya volkano yalisaidia. Yana nini hasa?

Mpasua Mawe
Mwalimu, umegusa kazi yangu. Mimi hukata mawe yakawa membamba kuliko karatasi, nikayatazama kwa hadubini.

Majivu ya volkano si kama ya kuni. Ni vipande vidogo mno vya kioo na madini, na kioo hicho huliwa na maji ya mvua upesi kuliko mwamba mzima, kikaachia potasiamu, kalsiamu, chuma. Fosforasi ndiyo ngumu: imefungiwa ndani ya madini ya apataiti, na bila asidi hutoka kidogo sana. Naitrojeni karibu hamna. Hiyo bakteria waliichota hewani.

Asidi ilitoka wapi, na mizizi bado haipo? Mimi nasema kwa kuvu. Tazama mawe ya Rhynie, kijiji cha Scotland, yaliyogunduliwa na daktari William Mackie mwaka 1912. Yapata miaka milioni 407 iliyopita, chemchemi za moto za volkano zilifurika juu ya mimea, na silika, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hayo, ikaigandisha kabla haijaoza. Spora za mimea (chembe za kuzaliana) zilizochimbwa Oman ni za kale zaidi, karibu milioni 450, ila Rhynie unaona mpaka ndani ya seli. Mmea mmoja wa Rhynie, Aglaophyton, hauna mizizi wala majani, vijiti tu. Lakini ndani ya seli zake, kuvu ametawanya vitawi vile vile ambavyo kuvu wa leo hutumia kuupa mmea fosforasi na kupewa sukari. Majivu yalikuwa ghala. Aliyefungua mlango ni kuvu.

Binti Ngorongoro
Tusiyachanganye majivu yote, ndugu. Ya Oldoinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, yana sodiamu na kalsiamu nyingi. Kusini mwa Serengeti yameganda yakawa tabaka gumu, mizizi ya miti haipenyi. Nyasi fupi ndizo zinazostawi, na nyumbu huja kuzalia hapo.

Mpasua Mawe
Kweli kabisa, dada. Kemia ya volkano ndiyo huamua nani ataota.

Mwalimu wa Voi
Asanteni sana. Kuna cha kuwaonyesha bila hadubini?

Mpasua Mawe
Kipo jirani yako: lava ya Shetani, Tsavo Magharibi. Watafute madoa ya kuvumwani juu ya jiwe tupu. Humo kuvu na mwani wanaishi pamoja. Kisha wachungulie nyufa zilizokusanya vumbi, waandike kipi kimeota wapi.